Ijumaa Hamsini na Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Habari njema. Mkuu wa Maabara anastaafu mwisho wa mwezi. Mzee wa watu amechoka, na pua yake haisikii tena harufu yoyote, jambo ambalo kwa maabara ya kemia nilidhani ni sifa. Kiti kitakuwa wazi. Chumba chenye dirisha, ufunguo wa peke yake, na meza ambayo miguu yote minne inafika sakafuni.

Tunaotajwa ni wawili. Mimi, fundi sanifu mwenye miaka kumi na moja kwenye maabara ya chuo hiki. Na Miwani. Yeye ana miaka miwili tu. Tulimbandika jina hilo kwa sababu havui miwani ya kinga tangu anaingia hadi anatoka. Chai anakwenda kuinywea nje kwenye ngazi, eti maabara si mahali pa kula, na hata huko nje miwani iko usoni. Watu wa aina hii wanachosha.

Profesa, mkuu wa idara, alituita wote wawili. Mkaguzi wa usalama atakuja Ijumaa ya tarehe 14, awakute wanafunzi kazini. Atakayeonekana ameishika maabara vizuri ndiye atakayepewa cheo. Miwani akauliza kama bomba la kuoshea macho litapimwa kasi ya maji. Mimi nilitabasamu tu.

Wasiwasi sina. Maabara hii hukaguliwa kila Ijumaa: mitungi ya kuzimia moto, bafu la dharura, bomba la kuoshea macho, sanduku la huduma ya kwanza, lebo za chupa, mlango wa dharura. Matokeo huandikwa kwenye daftari kubwa la jalada gumu, na mwandishi ni mimi. Daftari langu halina kasoro hata moja. Nilihakikisha hivyo Januari, asubuhi moja tulivu, nilipokaa na kikombe cha chai nikajaza Ijumaa zote hamsini na mbili za mwaka. Kalamu moja, mwandiko mmoja, alama ya vema kila mstari. Wenzangu wa maabara nyingine hupoteza nusu saa kila wiki. Mimi nilipoteza asubuhi moja.

Nimemwambia mama watoto kwamba cheo ni changu, bado kutangazwa tu. Akauliza iko wapi barua. Nikamwambia barua ni utaratibu.

Jumanne, 4 Juni

Nimepita kwa seremala kabla ya kazi. Nimeagiza kibao cha mlangoni, mbao nzuri nyekundu, herufi za kuchonga: MKUU WA MAABARA. Seremala akauliza kama aongeze jina. Nikamwambia cheo kinatosha, atakayegonga mlango atajua ni nani aliyemo. Akaahidi kukileta mwenyewe kazini kikikamilika.

Leo nimeizunguka maabara nikitazama kwa macho ya mkaguzi. Nimefurahi. Sanduku la huduma ya kwanza lina majani ya chai, sukari, kijiko, na plasta moja iliyokwisha gundi. Bafu la dharura limeshika mwavuli wangu na begi. Mtungi mkubwa wa kuzimia moto unazuia mlango usijifunge, ili tupate hewa. Na bomba la kuoshea macho, lenye bakuli pana la chuma kwenye kona karibu na dirisha, lina redio yangu. Mawimbi hushika pale kuliko sehemu yoyote ya jengo, na redio inaingia humo kama imepimiwa. Hakuna kifaa cha usalama kinachokaa bure hapa. Sijui ni maabara gani nyingine inaweza kusema hivyo.

Alhamisi, 6 Juni

Chuo kimetuletea miwani mipya ya kinga, jozi thelathini, bado imo kwenye nailoni. Mwanafunzi ukimpa miwani leo, kesho ina mikwaruzo kama imelimiwa. Nimeifungia yote kabatini hadi mkaguzi apite. Aione inang'aa.

Miwani (mtu, si kifaa) alikuja na uso wa mbuzi. Akasema wanafunzi wamebakiwa na jozi sita za zamani, mbili hazina mkanda, na wako ishirini. Akaomba ufunguo. Nikamwambia nimeusahau nyumbani. Ulikuwa mfukoni, ukilia kila nikipiga hatua, kwa hiyo nilibaki nimesimama hadi alipochoka kuniangalia.

Ijumaa, 7 Juni

Vita imerudi. Nimefika saa tatu, nimekuta redio yangu juu ya dirisha na bakuli limelowa. Ni Miwani. Hufanya hivyo kila Ijumaa, mwanamke huyu, bila kukosa hata moja. Nilimwuliza leo ana nini na redio yangu. Akasema hufungua bomba dakika tatu kila wiki ili kutu itoke na maji yawe safi siku yatakapohitajika. Nikamwambia nina miaka kumi na moja hapa na hakuna hata siku moja yalipohitajika. Akasema ndiyo maana anafungua yeye. Nikairudisha redio mahali pake.

Baadaye mpwa wangu alipita kuomba chai. Huyu ni mtoto wa dada yangu mkubwa, yuko mwaka wa tatu wa kemia, msichana mwenye akili kuliko inavyompasa. Wakati maji yanachemka alikuwa anafungua kurasa za daftari langu. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, mjomba, mbona sikukuu za Desemba zimeshakaguliwa?

Nilicheka. Halafu sikucheka. Mkaguzi atakuja na atalifungua hili daftari. Atakuta nimekagua maabara ya mwezi wa Desemba, na kwamba hali ilikuwa nzuri.

Chai sikuimaliza.

Jumatatu, 10 Juni

Mpango wa kwanza: kuchana kurasa za miezi ijayo. Daftari limeshonwa katikati. Ukichana Desemba, Januari nayo inalegea. Tena kurasa zina namba za kiwandani. Aliyebuni daftari hili hakuwa na imani na binadamu.

Mpango wa pili: daftari jipya. Nimekwenda kwa mtunza stoo. Akasema jipya halitoki mpaka la zamani liwe limejaa. Nikamwambia limejaa. Akalifungua ukurasa wa mwisho, akasoma tarehe, akaniuliza mwisho wa mwaka ulikuwaje, na kama mama yake, anayeumwa sasa, alipona.

Nimeondoka bila daftari na bila heshima.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimeshughulika na lebo. Zile za zamani zimefubaa, nyingine zimeliwa na matone, na mkaguzi ni mtu wa kutazama lebo kwanza. Nimeziloweka chupa zote za mezani kwenye beseni, lebo zikabanduka kwa pamoja, nikazifuta chupa zikang'aa. Kisha nikabandika mpya nilizoziandika kwa herufi kubwa.

Miwani alipita akauliza nitajuaje ipi ni ipi, maana vingi vya humo ni vimiminika visivyo na rangi. Akanishauri nichovye karatasi ya litmasi, ile inayogeuka nyekundu ikigusa asidi, kwenye kila chupa kabla ya kubandika. Nikamwambia litmasi ni ya wanafunzi. Mimi nazijua chupa zangu kama wanangu. Mama watoto angekuwepo angesema wanangu wanne nao huwaita kwa majina ya wenzao, lakini hakuwepo.

Redioni kulikuwa na mechi. Goli liliingia dakika ya themanini na tisa, wakati nimeshika lebo mbili za mwisho, moja mkono huu na moja mkono ule. Nilirusha mikono juu. Halafu nikabandika. Zimekaa sawasawa kabisa, hazina hata kiputo cha hewa.

Chupa nimezifungia kabatini, ufunguo mfukoni. Sitaki Miwani anipangulie chupa kabla ya Ijumaa.

Jumatano, 12 Juni

Mpango wa tatu, na ni wa kisomi: daftari lipate ajali. Ajali ni jambo la kawaida maabara. Asidi kidogo inamwagika, kurasa zinaungua kuanzia katikati hadi mwisho, mimi nasikitika mbele ya mkaguzi, yeye ananipa pole.

Nilisubiri Miwani aende ngazini na kikombe chake. Nikavaa glavu, koti la mvua, viatu vya mpira, na miwani mipya jozi moja, maana mimi si mjinga. Nikaliweka daftari kwenye sinia, nikatoa kabatini chupa yenye lebo ya ASIDI, nikamimina robo nzima juu ya Ijumaa za Julai.

Hakuna moshi. Hakuna shimo. Hakuna hata alama. Karatasi imelowa tu, kama imenyeshewa. Wino wa kalamu yangu haukusogea. Nikaongeza. Sasa Agosti nayo imelowa.

Tumeibiwa! Wauzaji wametuletea maji kwa jina la asidi. Kumi na moja ni miaka mingi, na mtu hujua akitendewa hila. Nimeketi hapo hapo nikaandika barua kali kwa wauzaji. Nimeeleza kwamba mimi binafsi, leo tarehe 12 Juni, nimeithibitisha chupa yenye lebo ya ASIDI kuwa ina maji matupu. Nakala nimempelekea Profesa, aone ni nani anayeilinda maabara yake.

Daftari nimelianika dirishani, pembeni ya redio. Chupa nimezirudisha kabatini, nikafunga.

Alhamisi, 13 Juni

Daftari limekauka. Limevimba, lakini linasomeka lote.

Nimelala vizuri na nimeamka na jibu. Mkaguzi akiuliza kuhusu Desemba, nitamwambia hizo si taarifa bali ni mpango kazi. Chuo kila siku kinatuhimiza tuwe na mipango. Ni nani mwingine aliyepanga hadi Desemba?

Mpwa wangu nimempangia meza ya mbele kabisa kesho, kwa sababu ana sauti nzuri na anajibu bila kubabaika. Akauliza kama atapata miwani. Nikamwambia miwani ni ya kuangaliwa, avumilie siku moja. Akasema sawa mjomba.

Mama watoto amemwambia mama yake kuhusu cheo. Mama mkwe anakuja Jumapili kunipongeza.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati ya chuo. Naandikia magotini, mwandiko usamehewe.

Mkaguzi alifika saa tatu kamili. Nilitegemea jitu la miraba minne. Kumbe ni mama mmoja mfupi, mpole, amevaa raba, na kalamu ya risasi iko sikioni. Nilifungua kabati la chupa, wanafunzi wote ishirini wakaanza kazi, kisha nikampeleka kuona kabati la miwani mipya ambayo haijaguswa. Akaitazama miwani. Akawatazama wanafunzi, macho wazi. Akaandika kitu kirefu. Nikaona ameridhika.

Akaomba daftari. Nikampa, nikamweleza kwamba nusu ya kwanza ni taarifa na nusu ya pili ni mpango. Akafungua Ijumaa moja ya Machi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama siyo wiki ile ambayo chuo kizima kilikaa siku tisa bila tone la maji. Nikasema inawezekana, mama. Akasoma: bomba la kuoshea macho, maji yanatoka vizuri. Akafungua Mei. Akauliza nani alikagua tarehe 17, maana ofisini kwake ana nakala ya ruhusa yangu ya ugonjwa. Nikasema ugonjwa wenyewe haukuwa mkubwa sana. Akafika ukurasa wa leo, ambao ulikuwa umejikunja kwa unyevu. Akasoma kwamba leo hakukuwa na ajali yoyote. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi.

Ndipo mpwa wangu alipopiga kelele.

Alikuwa amejaza chupa yake ya kubinya kutoka kwenye chupa iliyoandikwa MAJI, ili asuuze mrija wa kioo. Akabinya, yakagonga kioo, yakamrukia jicho la kulia. Maji hayamfanyi mtu apige kelele namna ile. Nasema kweli, kwa sababu hili daftari ninaloandikia sasa ni langu na hakuna wa kunikagua: sikukimbia. Nilisimama nimeduwaa, na kichwani niliona chupa mbili, lebo mbili, na goli la dakika ya themanini na tisa.

Miwani alikuwa ameshafika. Alimshika mabega akamburuta hadi kwenye kona. Redio yangu aliipiga kiwiko, ikaanguka chini, ikaendelea kusoma habari kidogo chini ya meza, kisha ikanyamaza. Akakanyaga pedeli. Mimi bomba lile sijawahi kulifungua tangu lifungwe ukutani. Yalitoka maji safi, mengi, pande zote mbili, kama vile kila mtu alikuwa anayatarajia.

Dakika kumi na tano. Miwani aliniita kwa jina langu, akaniambia nishike kichwa cha mtoto na nimfungue kope, ziwe wazi, asifumbe. Nilishika. Alikuwa analia, ananiita mjomba, mjomba, sioni. Nilimbeba huyu mtoto akiwa na siku mbili. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu. Nilimwahidi Mungu mambo mengi katika dakika zile. Mengine siyakumbuki vizuri, lakini moja lilihusu daftari la ukaguzi.

Nyuma yetu mkaguzi alichovya karatasi ya litmasi kwenye chupa ya MAJI. Ikageuka nyekundu. Akachovya nyingine kwenye chupa ya ASIDI. Haikubadilika. Akauliza ni nani aliyebandika lebo. Wanafunzi wote walinitazama mimi.

Daktari ametoka sasa hivi. Jicho liko salama. Litakuwa jekundu siku tatu au nne. Amesema lingechelewa kuoshwa dakika tano zaidi, maneno yake yangekuwa mengine. Nilikuwa nimesimama, nimeketi tena. Nimelia kidogo. Watu wamedhani mgonjwa ni mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Dada yangu alikuja asubuhi. Akasema alinikabidhi mtoto nimtazame, hakunikabidhi nimfanyie majaribio. Nikamkaribisha chai, akakataa.

Mpwa wangu yeye hakunilaumu. Aliomba kitu kimoja tu, miwani. Nimempa jozi mbili.

Mama watoto aliuliza tena iko wapi barua. Nikamwambia amwambie mama yake safari iahirishwe kidogo. Akasema mama yake ameshapanda gari.

Redio imekufa. Nimeifungua, nimeipuliza, nimeipiga kofi. Hakuna kitu.

Mchana nilipata wazo, na nilijisikia mtu tena. Mkaguzi analaumu daftari. Lakini daftari lilisema nini kuhusu bomba la kuoshea macho tarehe 14 Juni? Maji yanatoka vizuri. Na yalitoka vizuri au hayakutoka? Yalitoka mbele ya mashahidi ishirini. Kwa hiyo daftari langu lilikuwa sahihi miezi mitano kabla. Nitasimama na hoja hii Jumatatu na sioni watanijibu nini.

Jumatatu, 17 Juni

Walinijibu.

Tulikaa wanne ofisini kwa Profesa: yeye, mkaguzi, Miwani na mimi. Nilitoa hoja yangu kwa ufasaha. Nilitua pale penye mashahidi ishirini. Mkaguzi aliandika neno moja, akalipigia mstari. Profesa alivuta droo, akatoa karatasi, akaniuliza kama saini ile ni yangu.

Ilikuwa barua yangu kwa wauzaji. Akaisoma yote, hata pale nilipowaita matapeli. Akasoma polepole sehemu isemayo kwamba mimi binafsi, tarehe 12 Juni, nimeithibitisha chupa ya ASIDI kuwa ina maji matupu. Kisha akaniuliza: siku mbili kabla ya ajali nilipojua asidi haimo kwenye chupa ya asidi, nilidhani iko wapi?

Nilifikiri sana. Swali lenyewe sikuwahi kujiuliza. Nikasema nilidhani iko kiwandani.

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi akauliza ilikuwaje mpaka nikaithibitisha, nilikuwa naifanyia nini. Nikasema ukaguzi.

Miwani aliulizwa kama ana la kusema. Nilijua sasa atanimalizia, ningekuwa yeye ningefanya hivyo tena kwa raha. Akasema anaomba mambo mawili: makabati yasifungwe wakati wa kazi, na mimi nisifukuzwe, kwa sababu ndimi ninayejua mabomba ya jengo lile yanapopita, na ana kazi nyingi ya kunipa. Kunihurumia! Mbele ya watu. Nimevumilia mengi katika kazi hii lakini hilo ni la kuumiza.

Uamuzi: barua ya onyo, ambayo mama watoto amesema angalau nayo ni barua. Mkuu wa Maabara ni Miwani, kuanzia leo, maana mzee ameshaanza likizo ya kustaafu. Mimi nitakagua kila Ijumaa chini ya macho yake, kwenye daftari jipya, na kila ukurasa utakuwa na nafasi mbili za saini, yangu na yake.

Mama mkwe bado yuko nyumbani. Ananipongeza kila akiniona, hakuna aliyemwambia.

Jumanne, 18 Juni

Siku ya aibu. Seremala amekileta kibao mwenyewe, kama alivyoahidi, amekifunga kwa gazeti, anatabasamu hadi masikioni. Akakifungua katikati ya maabara. MKUU WA MAABARA. Herufi nzuri sana, lazima nikiri. Akauliza mkuu ni nani ili akamfungie mlangoni.

Wanafunzi walikuwepo, Profesa alikuwepo. Miwani akasogea, akasoma, akapitisha kidole kwenye herufi. Akaniuliza niliagiza lini. Nikasema wiki mbili zilizopita. Akasema hakujua kama nina imani naye kiasi hicho, akanishukuru mbele ya wote. Profesa akanipiga bega, akasema huo ndio moyo.

Kimefungwa kwa skrubu nne. Nilizifunga mimi, maana bisibisi ilikuwa mkononi mwangu na nilishindwa kusema hapana. Hakuna jina la kubadilisha. Kimekaa sawa kabisa na upana wa mlango.

Nimerudi mezani kwangu. Ule mguu wa nne bado haufiki chini.

Ijumaa, 21 Juni

Ukaguzi wa kwanza na Mkuu. Dakika arobaini! Kila kitu lazima kiguswe. Mtungi tumeuinua tukasoma kipimo. Mlango wa dharura tumeufungua, kukawa na kiti nyuma yake, tukakitoa. Kila chupa imechovywa litmasi. Sanduku la huduma ya kwanza sasa lina bandeji, na chai yangu imehamia kwenye mfuko wa koti. Bomba tumelifungua dakika tatu na nimesimama nikiangalia maji yakienda bure. Mpwa wangu amepita, jicho limepona, miwani iko usoni, na nyingine ameivaa kichwani kama akiba. Moyo wangu umetulia nilipomwona.

Na nimejifunza. Anayesema sijajifunza hanijui. Mkaguzi alinionyesha makosa yangu moja baada ya jingine, na mimi si mtu wa kurudia kosa.

Saa nane Miwani alikwenda ngazini na kikombe chake. Nikakaa na daftari jipya. Zimebaki Ijumaa ishirini na nane hadi mwisho wa mwaka, nikiihesabu na ya leo, na asubuhi ya dakika arobaini mara ishirini na nane ni ujinga ambao sina muda nao. Nimezijaza mara moja. Lakini safari hii kwa akili. Nimetumia kalamu tatu, ya bluu, nyeusi, na moja inayokaribia kuisha. Sikukuu nimeziruka. Nimebadilisha mwandiko kidogo siku za baridi. Na kwa kuwa daftari lisilo na ajali hata moja linatia shaka, tarehe 18 Oktoba nimevunja bika moja ya kioo. Hakuna aliyeumia.

Nafasi ya saini ya Mkuu nimeiacha wazi. Atasaini mwenyewe kila Ijumaa. Mimi si mtu wa kughushi.

Mama mkwe, kabla ya kuondoka, ameniachia redio yake ndogo, zawadi ya cheo. Nimeijaribu kwenye kona. Ni ndogo kuliko ile ya zamani, inaingia kwenye bakuli na nafasi ya kikombe inabaki.